Ilizimwa, Ilizimika

Koplo ana kalamu ya buluu inayovuja.
Ameandika jina langu, kabila, dini, zamu ya usiku,
kisha akauliza bila kuinua macho:
"Mashine ilizimwa, au ilizimika?"

Nje, upepo wa Julai unabeba vumbi la Dodoma nzima
na kulimimina mapajani mwa waliokaa kwenye benchi.
Sarufi hii niliwafundisha wanangu jikoni:
sahani imevunjwa, sahani imevunjika.
Hata mtoto wa miaka minne
anajua ipi humwokoa na fimbo.

Jumatatu ile ilizimika. Andika hivyo.
Umeme ulikatika saa nane usiku,
jenereta likakohoa, likanyamaza,
nikambinyia Mzee Chedego pumzi kwa mfuko,
nikihesabu kwa Kigogo nisisinzie,
hadi dole gumba likafa ganzi.
Alhamisi tena. Jumapili mara mbili.
Hakuna aliyefungua jalada.
Hakuna aliyemwita mtu wa umeme
aje aeleze alikuwa wapi.

Alikuwa mkulima wa zabibu, Mbabala.
Bodaboda ilimrusha barabarani na kreti yake;
watu waliziokota, wengine wakazila palepale
wakisubiri gari la wagonjwa.

Daktari Eliamani alimmulika mboni kwa tochi
asubuhi na jioni, siku mbili, mbele ya daktari mwenzake.
Akautenga mpira kidogo, tukasubiri kifua kiseme.
Hakikusema.
Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa
kama abiria aliyeshushwa njiani.

Sechelela, mkewe, hakulia.
Alikuwa akimpaka miguu mafuta ya mgando,
vidole, kisigino, ufa baada ya ufa,
akauliza bila kusimama:
"Huyu anapumua, au anapumuliwa?"
"Anapumuliwa, mama."
"Basi mwachieni."

Si mwacheni. Mwachieni.
Koplo, hiyo i ndogo, tafadhali usiiruke.

Mdogo wa marehemu alishuka basi la Geita
kaburi likiwa limeshafukiwa.
Ndiye aliyekuja hapa. Simlaumu.
Yeye mboni hakuziona;
aliona picha ya simu, kifua cha kaka yake
kikipanda, kikishuka, kikipanda.

Unanisomea kifungu: kuharakisha kifo
cha mtu ambaye angekufa hata hivyo
ni kusababisha kifo.
Kuharakisha.
Siku kumi na tisa, Koplo.

"Kulikuwa na mgonjwa mwingine anangoja mashine?"

Ndiyo.
Binti wa Kongwa, aliyeumwa na nyoka,
yuko koridoni, kope zimemwangukia,
mama yake akijifunza kubinya mfuko.
Andika ndiyo, andika kwa herufi kubwa.
Swali hilo huniamsha hata wewe usipouliza.
Daktari alilijua, akajizuia siku tatu
makusudi, ili lisiwe ndilo sababu.
Binti alipona. Siwezi kukwambia
kwamba hilo linapunguza kitu, au linaongeza.

Zima, zimwa, mzima, uzima:
lugha yangu nayo haikunisaidia.

Sasa hili Daktari alinikataza kulisema.
Yuko mahabusu chumba cha pili, pengine anasikia.
Aliunyoosha mkono, ukatetemeka,
ukarudi mfukoni mwa koti, ukatoka tena.
Kitufe chenyewe ni kidogo, kama punje ya zabibu kavu.
Nikaushika mkono wake.
Vidole viwili.
Saa kumi na dakika kumi na mbili, niliandika mimi.

Koplo ameacha kuandika.
Wino unamchuruzika hadi kifundoni.
"Dada," anasema, "nikuandikie ilizimika?
Umeme wa hapa kila mtu anaujua."

Hapana.
Na ilizimwa nayo ifute.
Andika: tulizima.

Ananitazama kwa muda mrefu.
Kisha ananisogezea kidau cha wino,
nami nalichovya dole gumba,
lilelile.